Mgeni wa Nne wa Kiziwi

Kila alfajiri Eliaichi alipiga magoti kando ya kitanda chake, katika chumba cha uani huko Yombo, akamwomba Mungu mambo mawili. La kwanza, afaulu mtihani wa kidato cha nne. La pili, amwone Gladness akiaibika mbele za watu, mchana kweupe, na yeye mwenyewe awepo. Ombi la kwanza alilisema kwa sauti. La pili alilisema kimoyomoyo, maana kuta za nyumba za kupanga zina masikio.

Hakuzaliwa na chuki. Chuki ile ilipandwa, na aliyeipanda alikuwa rafiki yake wa maombi.

Kwa miaka kumi na mmoja Eliaichi alifanya kazi ya uhudumu katika ofisi moja ya umma mjini: kupika chai, kupeleka mafaili, kufuta meza. Kazi ile ilitaka cheti cha kidato cha nne, naye alikuwa ameishia darasa la saba. Alichopeleka ni cheti cha marehemu dada yake, Apaikunda. Kwa hiyo ofisini aliitwa Apaikunda, akaitika Apaikunda, na kila alipoitwa alihisi kama anamwamsha maiti. Ilifika mahali dhamiri ikamchoma asile wala asilale. Akaenda kwa Gladness, ambaye usharikani kote walimwita Mama Elinaza, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, akamweleza kila kitu huku analia. Alitaka ushauri: aache kazi kimya kimya, au ajipeleke mwenyewe kwa wakubwa?

"Mdogo wangu, hili tutaliombea," Gladness alimwambia akimfuta machozi kwa leso yake. "Mie na wewe tu."

Alhamisi ya wiki ile ile, kwenye sala ya jumuiya, watu kumi na saba wameinamisha vichwa sebuleni kwa mzee wa kanisa, Gladness alipopewa nafasi ya kuomba alisimama. "Bwana, mkumbuke dada yetu Eliaichi, ambaye anakula mshahara kwa jina la marehemu. Simsemi, Bwana. Namleta tu."

Sala haikatizwi. Hakuna mtu aliyezaliwa na mama Mkristo anayeweza kumwambia mtu aliyefumba macho, we mama, hebu nyamaza. Eliaichi alikaa pale akisikiliza siri yake ikitajwa mwezi na mwaka, na mwisho wake akaitikia Amina kama wenzake. Kati ya wale kumi na saba alikuwemo Revelian, ambaye mkewe alifanya kazi ofisi ile ile, chumba cha tatu kutoka jikoni. Wiki tatu hazikupita, barua ikaja. Mwezi uliofuata Eliaichi alikuwa Buguruni sokoni, amekaa juu ya kreti la soda, anauza vitunguu.

Kwamba alikosa, alijua, na alitubu. Lakini kutubu ni kwa mtu mwenyewe kwenda, si kuburutwa. Na Gladness hakuwahi kusema pole. Kila aliyemuuliza alijibiwa: "Mie niliomba tu. Tangu lini mtu akahukumiwa kwa kuomba?"

Basi akiwa na miaka arobaini na sita Eliaichi akajiandikisha masomo ya jioni. Akapita kwa tabu mtihani wa maarifa, ule wa kuruhusiwa kukaa kidato cha nne, akaanza kujiandaa na wenyewe. Alitaka cheti chenye jina lake. Lile jambo la pili hakulisahau.

Kituo chao kilikuwa Tandika, vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa kanisa ambavyo usharika uliwaazima. Vipindi vilianza saa kumi na moja, watu wakitoka makazini: walinzi, mama lishe, mafundi, kinamama wenye watoto mgongoni. Somo la Kiswahili lilifundishwa na Mwalimu Zahor, mtu mwembamba wa ukoo wa wenye maduka, ambaye asubuhi aliuza vitambaa katika duka la babake na jioni akaja na chaki mfuko wa shati. Alikuwa Mwislamu, anafundisha nyuma ya kanisa, na kila jioni adhana ilipolia aliwaachia dakika kumi akaenda kuswali. Eliaichi alimpenda kwa hilo. Mtu anayejua kukatiza kazi kwa ajili ya Mungu, alisema, huyo hatakudanganya.

Zahor hakuamini sarufi ya ubaoni. "Sarufi ukiibandika ubaoni inaoza kama dagaa," alisema. Siku ya kwanza ya muhula aliwagawia nakala za futuhi moja ya zamani, tamthilia ya kuchekesha iliyokwisha kurudufiwa mara nyingi hadi jalada lilipotea na jina la mtungaji nalo. Kisa chake ni mzee mmoja tajiri anayejitia kiziwi ili ajue watu wa nyumbani mwake wanamsemaje. Katika onyesho la tatu wageni watatu wanakuja kumjulia hali, mmoja mmoja. Kila mmoja anamchekea mzee machoni, kisha, akidhani hasikiki, anatapika yaliyo moyoni.

"Haya, tazameni sentensi za mzee," Zahor aliwaambia. "'Chai imepoa.' 'Mlango uko wazi.' Kiima, kiarifu, imekwisha. Hizo ni sentensi sahili. Sasa msikilizeni mpwa wake. Wahiba, soma."

Wahiba, binti wa miaka ishirini na mbili mwenye mdomo wa pilipili, akasimama akabana pua. "'Mjomba wangu, ambaye nakupenda kuliko baba aliyenizaa, ingawa mirathi siitaki, kwa kuwa mali ni moshi...'"

"Basi, kaa. Vishazi tegemezi vingapi?"

"Mwalimu, huyo havihesabiki. Huyo ana mkokoteni."

Darasa likacheka. "Ndivyo ilivyo," Zahor akasema. "Mtu mwenye la kuficha huongeza vishazi. Ukitaka kumjua mwongo kwenye tamthilia, fuata 'ambaye'."

Eliaichi aliandika maneno yale kwenye daftari, akayapigia mstari mara mbili. Na jioni ile walipofika kwenye tafsida, ule usemi laini unaofunika jambo kali, alisimamisha kalamu. Alikumbuka neno "namleta". Kumbe sala ile nzima ilikuwa tafsida moja ndefu, na umbea ulikaa ndani yake kama mfupa ndani ya nyama.

Lakini fundisho lililomkaa kooni lilikuwa kinaya. "Kinaya cha jukwaani," Zahor alieleza, "ni pale hadhira inapojua, na mhusika hajui. Mgeni anamtukana mzee, sie tunajua mzee anasikia, yeye hajui. Kicheko chote cha futuhi hii kimesimama juu ya ujinga wa mtu mmoja mbele ya watu wanaojua."

Mbele ya watu wanaojua. Eliaichi alirudi nyumbani na sentensi ile, akailalia.

Mwezi wa nane Zahor akatoa zoezi. Kila mtu atunge mgeni wa nne wa kumtembelea kiziwi, ampe maneno yake, na ndani yake ziwemo tamathali tano. Mgeni atakayeshinda ataingizwa kwenye onyesho, nalo litaigizwa siku ya mahafali, mbele ya wazazi, waumini na mgeni rasmi.

Eliaichi hakuhitaji kutafuta. Aliandika kwa saa moja na nusu bila kuinua kichwa, vitunguu vimekaa kwenye kreti bila mwenyewe. Mgeni wake alimwita Mama Dua. Anakuja kumwombea mzee, anamwekea mkono kichwani, anafumba macho, anaanza kumweleza Mungu habari zote za nyumba ile, kana kwamba Mungu alikuwa safarini akarudi jana.

Darasani alipoyasoma, Leonardi mlinzi aliangua kicheko hadi akashuka kwenye dawati. Zahor hakucheka.

"Dada Eliaichi, huyu mama unamfahamu?"

"Ni wa kubuni, Mwalimu."

"Mm." Alizungusha chaki vidoleni. "Basi umembuni vibaya. Hana hata jema moja. Huyu tunamwita mhusika bapa. Hadhira itacheka, ikifika getini imemsahau. Ukitaka wamkumbuke, mpe na wema wake. Mtu anauma zaidi akiwa mtu."

Neno lile lilimuudhi, kwa sababu lilikuwa kweli. Jumapili tatu mfululizo Eliaichi alikaa benchi la nyuma kanisani, akamtazama Gladness badala ya madhabahu. Alisoma namna anavyotembea, kiwiliwili kikitangulia na kiuno kikifuata kwa wakati wake. Alisoma leso iliyokunjwa pembe nne, jinsi anavyoinua mkono wa kushoto akiomba, kiganja wazi, kidole kidogo kimejitenga. Akakumbuka pia, bila kutaka, mwaka ule homa ya matumbo ilipomlaza, ni Gladness aliyekuja siku tisa mfululizo na chupa ya uji, akamnywesha kwa kijiko, akamfulia hadi shuka. Alikaa na kumbukumbu ile siku mbili. Akaomba, asipate jibu, au alipata asilipende. Siku ya tatu akachukua kalamu akauingiza ule uji. Mama Dua sasa anaingia jukwaani na chupa ya uji, anamnywesha mzee taratibu, kwa upendo wa kweli, ndipo anafumba macho.

Zahor alilisoma toleo lile jipya mara mbili. "Sasa yuko hai," alisema. Akampa Mama Dua ushindi, ingawa hakuonekana kufurahi sana.

Kazi ya kupeleka barua ya mwaliko kwa mgeni rasmi ilihitaji mtu. Kwa kuwa ukumbi ni wa usharika, mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake. "Nitapeleka mie," Eliaichi alisema, na hakuna aliyeshangaa.

Gladness alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamletea maji ya baridi kwenye sinia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umenenepa, Mungu ni mwema. Nasikia unasoma?"

"Nasoma. Mwezi wa kumi na moja tunakaa mtihani. Tumekuja kukuomba uwe mgeni rasmi wa mahafali."

Gladness aliisoma barua, akaibusu. "Unaona, Eliaichi? Mungu si Athumani. Lile jambo lilikuwa mlango. Mie nisingeomba siku ile, leo ungekuwa bado unafuta meza kwa jina la watu. Siku moja utasimama ushuhudie."

Eliaichi alikunywa maji yote, hadi tone la mwisho, ili mdomo uwe na kazi. Mpaka dakika ile palikuwa na kamlango kadogo moyoni mwake kalichobaki wazi. Laiti Gladness angesema neno moja tu, pole, angerudi akachana karatasi ya Mama Dua akasema amesahau maneno. Alirudisha glasi kwenye sinia.

"Nitashuhudia, dada," alisema. "Wewe usikose tu."

Mahafali yalikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Ukumbi ulijaa: ndugu wa wahitimu, kwaya, na wale wa jumuiya karibu wote, akiwemo Revelian na mkewe. Gladness alikaa meza kuu amevaa kitenge cha zambarau na mtandio wake begani, kando yake Kokuberwa, mtunza hazina wa umoja wa wanawake, ambaye hawakupatana naye tangu uchaguzi uliopita.

Onyesho likaanza. Leonardi alikuwa mzee kiziwi, mikono juu ya fimbo, macho yakicheza. Mpwa akaja, watu wakacheka. Mkwe akaja, jirani akaja. Kisha mshereheshaji akatangaza mgeni wa nne, na Eliaichi akaingia.

Aliingia kiwiliwili mbele, kiuno nyuma. Hakuwa amesema neno, na tayari benchi la jumuiya lilianza kutikisika. Akafungua chupa ya uji. Akamnywesha mzee kijiko kimoja, cha pili, akampangusa kidevu kwa leso iliyokunjwa pembe nne, kwa upole uliofanya kinamama wa mbele waseme "jamani". Kisha akainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, kidole kidogo kimejitenga, akafumba macho.

"Ee Bwana, mguse mzee huyu, ambaye masikio yake yameziba kama mtaro wa Buguruni, kwa ajili ya yale unayoyajua wewe na mimi. Lile shamba la Chanika, Bwana, alilomdhulumu kaka yake. Na ile nyumba ndogo ya Mbezi Luis, mlango wa bluu, mkabala na duka la dawa, ukiuliza kwa Mama Shani wanakuonyesha. Simsemi, Bwana. Namleta tu."

Ukumbi ulilipuka. Revelian alifunika uso kwa programu. Mkewe alikuwa anapiga paja la mtu asiyemjua.

Na Gladness? Gladness alicheka kuliko wote. Alicheka machozi yakamtoka, akamgeukia jirani wa upande wa pili akamnong'oneza, kwa mnong'ono uliofika safu ya nne: "Huyo si Kokuberwa huyo? Mtazame, mtazame mkono." Kisha akafanya lile ambalo watu wetu hufanya mtu akiwakuna: aliinuka meza kuu akicheza, vigelegele vinampokea, akavua ule mtandio wa zambarau begani mwake akaenda kumtunza mwigizaji, akamvika Mama Dua shingoni. Walisimama uso kwa uso, wa kweli na wa kuigiza, zambarau kwa zambarau. Watu walishindwa kupiga makofi kwa kucheka. Gladness akawapungia mkono.

Mwalimu Zahor, pembeni ya pazia, alikuwa anatazama viatu vyake.

Onyesho likaisha, mgeni rasmi akaitwa atoe nasaha. Alizungumza vizuri, kwa kifupi, juu ya elimu isiyo na mwisho. Halafu akasema, "Kabla ya vyeti, tuombe." Vichwa vikainama.

"Bwana, tunakushukuru kwa wahitimu hawa. Kwa namna ya pekee, Bwana, nakushukuru kwa binti yako Eliaichi, ambaye ametuchekesha leo, ambaye wewe unajua ulikomtoa, aliyekula mshahara wa marehemu miaka kumi na mmoja kwa cheti kisicho chake, ambaye mie mtumishi wako niliugua naye magotini..."

Wenzake wa darasani hawakuwa wameisikia siri ile. Wahiba hakujua. Leonardi hakujua. Mwalimu hakujua. Lakini Eliaichi hakufumba macho. Alitazama.

"Simsemi, Bwana," Gladness alisema. "Namleta tu."

Kisha mtu huko nyuma akakoroma kwa pua kama mbuzi, na kicheko kikapanda kutoka kwenye mabenchi, watu wameinamisha vichwa, mabega yanaruka, wengine wamejiziba midomo kwa kofia za mahafali. Mwanzoni Gladness alidhani ni furaha ya Roho, akapandisha sauti. Kicheko nacho kikapanda. Ndipo akafumbua jicho moja.

Aliona ukumbi. Aliona Kokuberwa ameuma pindo la kitenge, machozi yanamtiririka. Aliona mkono wake mwenyewe wa kushoto uko hewani, kiganja wazi, na kidole kidogo kimejitenga, akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Aliushusha polepole. Kisha akamtazama Eliaichi, aliyesimama hatua tatu mbele yake na mtandio wa zambarau shingoni.

"Yule alikuwa ni mie?" aliuliza, kwa sauti ndogo, ila kipaza sauti kilikuwa bado karibu na mdomo.

Eliaichi alisogea akakitoa mkononi mwake, kwa adabu, kama anayempokea mzigo mgeni.

"Aliyosema Mama Elinaza ni kweli," aliuambia ukumbi. "Nilifanya kazi kwa cheti cha marehemu dada yangu, Apaikunda. Ni dhambi yangu, nimeitubu. Nilimwambia yeye peke yake, kwa siri, nikitafuta msaada, naye akaiombea mbele ya watu kumi na saba. Leo ameiombea mbele yenu wote. Sasa hana tena cha kuombea. Mshereheshaji, endelea."

Hakuna aliyecheka tena. Gladness alikaa. Angeweza kuondoka, lakini mgeni rasmi haondoki kabla ya keki, na kutoka kwenye kiti kile hadi mlangoni palikuwa mbali, katikati ya watu wote. Akagawa vyeti vya kuhudhuria, mmoja mmoja, macho chini. Eliaichi alipoitwa alikipokea chake kwa mkono mmoja, hakupiga goti, na kinamama wakatazamana.

Ikaja keki. Mshereheshaji, maskini, alitaka kurudisha furaha, akapaza sauti juu ya muziki: "Na sasa, kwa niaba ya wahitimu wote, nyota wetu wa leo atamlisha mgeni rasmi. Wapiga picha, sogeeni."

Eliaichi alikata kipande. Hakikuwa kile cha kijiti, cha ukubwa wa pipi, kama ilivyo desturi. Alikata cha upana wa kiganja. Simu zikainuliwa. Gladness alitazama huku na huku, na mbele ya kamera zote zile hakuwa na la kufanya ila kutabasamu.

"Fungua mdomo, dada," Eliaichi alisema, taratibu, kwa upendo wote aliojifunza jukwaani.

Gladness akafungua. Keki ikaingia, ikaingia, krimu ikamfika puani, mashavu yakajaa. Alijaribu kusema neno, huenda lilikuwa ni lile lile alilongojewa miaka yote, lakini halikupata pa kupita. Machozi yalimtoka. Eliaichi alichukua leso akampangusa kidevu. Alitafuta huruma moyoni mwake, akaikuta imekaa mbali, haina haraka. Alichokikuta karibu kilikuwa utamu, mwingi, na alijua utamu ule hatauombea msamaha leo, wala kesho.

"Dada Eliaichi," Mwalimu Zahor alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Inatosha."

"Bado, Mwalimu," alisema, akakata kipande cha pili.